Kabla hujaomba dawa ya nyanya

Asubuhi, duka la pembejeo kando ya barabara kuu pale Ilula, Iringa. Mama mmoja anaingia, anakunjua kipande cha gazeti na kuweka jani la nyanya juu ya kaunta. Jani limesinyaa, lakini rangi yake bado ni kijani.

"Kijana wangu, naomba dawa ya nyanya. Zinakauka."

Muuzaji analigeuza jani mara moja. "Zinakauka sana, mama?"

"Sana."

"Nikupe ya shilingi ngapi?"

Mama anafungua pindo la khanga, analipa, anaondoka na pakiti ya dawa ya ukungu.

Mazungumzo hayakufika dakika mbili. Hakuna aliyemdanganya mwenzake, na wote wawili waliagana kwa heshima. Bado yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Jani linalosinyaa likiwa kijani ni ushahidi mzito, na ushahidi huo ulikuwa pale pale juu ya kaunta. Swali lililoulizwa halikuuhusu, na pakiti iliyouzwa haina la kufanya juu yake.

Ombi lililokwisha kuamua

Anayesema "naomba dawa" ameshaamua mambo matatu: kwamba tatizo ni ugonjwa au mdudu, kwamba lina dawa, na kwamba dawa hiyo iko dukani. Kwenye nyanya, lolote kati ya hayo laweza kuwa si kweli.

Chukua tunda linalooza kitako. Linaanza na doa la majimaji chini ya tunda, doa linakuwa jeusi, linabonyea na kukauka kama ngozi. Wengi hupiga dawa ya ukungu. Lakini hapo hakuna ukungu uliolianzisha. Tunda limekosa chokaa ya kutosha wakati linakua, na mara nyingi chokaa ipo udongoni, ila mmea umeshindwa kuifikisha kwa sababu maji yamekuja kwa kurukaruka: siku tano kavu, kisha mafuriko ya siku moja. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Tiba ni kumwagilia kwa ratiba isiyoyumba na kufunika udongo kwa nyasi kavu. Bomba la kupigia dawa halihitajiki.

Utitiri nao ni hivyo hivyo kwa upande wake. Majani yanapata vidoa vidogo vya njano, baadaye utando mwembamba kwa chini. Mkulima anaomba "dawa ya wadudu" na anapewa dawa ya wadudu kweli. Lakini utitiri si mdudu wa ukoo huo, una miguu minane, na dawa nyingi za wadudu haziuui. Zinaua wale wanaoula, na wiki mbili baadaye utitiri umeongezeka maradufu. Hapa swali zuri linapatikana kwa karatasi nyeupe: iweke chini ya jani, ligonge jani mara mbili tatu, kisha uangalie kama kuna vidoa vinavyotembea.

Halafu kuna mnyauko wa bakteria, ambao ndio ulionifanya niandike.

Kisu na glasi ya maji

Mnyauko huu hauna dawa ya kupiga. Bakteria wake anaingia kupitia mizizi, anajaa kwenye mishipa ya kupandisha maji, na mmea unakufa kwa kiu udongo ukiwa na unyevu. Ndiyo maana majani yanalegea kabla hayajapata nafasi ya kuwa njano. Siku za mwanzo mmea unalala mchana na kuinuka jioni. Baadaye hauinuki.

Dalili inayofanana nayo ni mnyauko wa fuzari, ambao ni ukungu wa udongoni. Huo huanza na majani ya chini kuwa njano, mara nyingi upande mmoja tu wa mmea. Vinundu vya minyoo kwenye mizizi navyo hulegeza mmea mchana. Na kiu ya kawaida pia.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara kwa kuanzia.

Ng'oa mmea ambao umeanza kusinyaa leo au jana, usichague uliokwisha kukauka kabisa kwa sababu huo hautakuonyesha kitu. Tazama mizizi kwanza: vinundu au hakuna? Kisha kata kipande cha shina karibu na udongo, urefu wa sentimita 5 hadi 10. Pasua pembeni uone ndani kama mishipa imegeuka kahawia. Chukua glasi inayopitisha mwanga, jaza maji safi, shikilia kile kipande ncha ya chini iguse maji, na usikitikise. Subiri dakika tano.

Kama ni bakteria, nyuzi nyeupe za utelezi zitaanza kushuka kutoka kwenye ncha, taratibu, mpaka maji yaanze kupauka. Kahawia ndani bila nyuzi hizo inakuelekeza kwenye fuzari. Mizizi yenye vinundu inakuelekeza kwenye minyoo.

Mkulima aliyefanya hivyo haendi tena dukani kuomba dawa ya nyanya. Swali lenyewe limebadilika mkononi mwake. Sasa anataka kujua kama aendelee kutumia mfereji ule ule, miche iliyopakana na iliyokufa aiache au aing'oe, na msimu ujao apande nini mahali pale. Haya yana majibu: ng'oa mgonjwa pamoja na udongo wa mizizi yake na uutoe shambani, mwagilia kuanzia upande mzima kwenda upande mgonjwa, osha jembe na kisu kwa dawa ya kufanyia weupe nguo iliyochanganywa na maji, na kwa misimu kadhaa usirudishe nyanya, viazi mviringo, bilinganya wala pilipili pale. Panda mahindi au vitunguu, na usiuache mnavu uote pembeni, maana nao humhifadhi bakteria huyo huyo.

Hakuna pakiti hata moja kwenye jibu hilo.

Ulichoona, na unachodhani

Maafisa ugani wengi wanaujua ujumbe wa aina hii: "Nyanya zangu zina ukungu, nipe dawa." Neno ukungu hapo limekaa kama jambo lililoonekana, kumbe ni dhana. Anayejibu kwa simu hana namna ya kujua mtu aliona nini hata akasema ukungu. Aliona madoa? Aliona unga mweupe? Au jirani ndiye aliyemwambia?

Tofauti hizo ni kubwa. Doa lenye miduara ndani ya miduara, lililoanzia majani ya chini yaliyozeeka, ni baka jani la mapema, na unazo siku za kujipanga. Doa la majimaji lisilo na umbo, lenye ukungu mweupe chini ya jani asubuhi kabla umande haujakauka, na shina linalopata weusi, ni baka jani chelewa. Hilo la pili likikutana na baridi na mawingu humaliza shamba ndani ya siku chache. Dawa ya kukinga peke yake, kama mankozebu, haiponyi jani lililokwisha kuingiliwa, kwa hiyo anayeuliza amechelewa siku nne anapewa ushauri tofauti na anayeuliza siku ya kwanza.

Vivyo hivyo na majani yaliyochimbwa. Mstari mwembamba uliojipindapinda ni wa funza wa nzi mdogo, na mara nyingi mmea unaustahimili. Baka pana lenye uwazi, ndani yake mna uchafu mweusi na pengine funza mwenyewe ukilielekeza jani kwenye jua, ni kantangaze, funza wa nondo, yule aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2014 na ambaye dawa nyingi za zamani zimeshamshinda.

Simkatazi mtu kudhani. Dhana ya mkulima aliyelima nyanya miaka kumi ina thamani. Aiseme, ila aiweke mwisho na aiite dhana: "Mimi nahisi ni ukungu, kwa sababu mvua zimekuwa nyingi."

Lilianzia wapi

Kama ningeruhusiwa kuongeza swali moja tu kwenye mazungumzo ya pale dukani, ningeongeza hili.

Vitu vyenye uhai husambaa. Vinaanza mche mmoja au mitatu, vinakwenda na maji, na upepo, na mikono ya vibarua, na kila siku idadi inapanda. Vitu visivyo na uhai havina safari hiyo. Mbolea iliyochoma, chumvi, dawa iliyozidi kipimo: hivyo huonekana siku moja, kwenye mstari mzima au kona nzima, kisha hubaki hapo hapo.

Mfano mgumu ni majani yaliyojikunja. Virusi vinavyoletwa na inzi weupe hudumaza mche, majani yanajikunja kuelekea juu na kingo zinakuwa njano, huku mche wa pembeni ukiwa mzima kabisa. Dawa ya magugu ya 2,4-D nayo hukunja majani: yanakuwa membamba, yamesokotwa, na mashina yanapinda. Inaweza kufika kwa upepo kutoka shamba la mahindi la jirani. Inaweza pia kufika kwa bomba lililoazimwa, lililopigia magugu wiki iliyopita na kusuuzwa kwa maji matupu.

Ukiuliza tu "majani yanajikunja, tatizo nini?" utaambiwa virusi na utang'oa shamba. Ukieleza kwamba mistari sita ya upande wa kwa jirani imejikunja yote kwa pamoja tangu Jumatatu na mingine iko salama, anayejibu atakuuliza habari za bomba na za jirani. Miche iliyoguswa kidogo huweza kutoa majani mapya mazuri.

Yale tunayoyaficha

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda, kwa sababu nilianza nikidhani tatizo ni ujuzi. Mkulima hajui aseme nini, basi afundishwe.

Lakini zipo habari ambazo mkulima anazijua vizuri na bado hazisemi. Ya kwanza kabisa ni dawa aliyokwisha kupiga. Bwana shamba anauliza, "Umeshapiga nini?" Anajibiwa, "Bado sijapiga kitu." Kumbe zimeshapigwa dawa mbili, zimechanganywa pamoja kwenye bomba moja, na makovu yanayoonekana kwenye majani ni ya mchanganyiko huo.

Kwa nini afiche? Anaogopa kugombezwa. Anaona aibu kwamba alimsikiliza muuzaji mwingine kwanza. Pengine pia anahisi kwamba kumwelezea mtaalamu mambo mengi ni kumfundisha kazi, na mtu mwenye adabu humwachia mkubwa aseme. Aibu hiyo ni ya kweli na haiondoki kwa kuambiwa "kuwa muwazi".

Naiona njia moja inayosaidia: taja ulichofanya mapema, kwa mpangilio wa siku, bila kujitetea. "Jumapili nilipiga hii, Jumatano hii." Piga picha ya pakiti au chupa, upande wenye jina la kiambato, maana majina ya biashara hubadilika na dawa mbili za majina tofauti zinaweza kuwa kitu kile kile ndani. Aliyepiga mankozebu ya kampuni moja na kuiona haifanyi kazi, kisha akanunua ya kampuni nyingine, hajabadilisha dawa.

Je, ni haki?

Bado nina shaka moja. Kwa nini mzigo wa kuuliza vizuri abebe mkulima? Mwenye duka anatakiwa awe amesomea viuatilifu. Afisa ugani ndiye mwenye taaluma. Wao ndio wangepaswa kumuuliza yule mama maswali matano kabla ya kugeukia rafu.

Nakubali, na nawaomba wauzaji wanaosoma hapa wafanye hivyo. Matano hayo ni mafupi: zina umri gani, lilianzia wapi, siku ngapi, ndani ya shina kukoje, umeshapiga nini.

Ila duka siku ya gulio lina foleni. Afisa ugani mmoja ana vijiji vyake kadhaa, na simu yake inaita tangu alfajiri. Akipokea jumbe ishirini za "nyanya zangu zinaumwa", anajibu ile ambayo inajibika ameketi kwenye pikipiki. Zingine anazirudishia "piga picha", na siku imekwisha. Kwa baka jani chelewa, siku moja ni nyingi.

Kwa hiyo namsemesha mkulima, kwa kuwa yeye ndiye shamba litakalomwangukia.

Ujumbe unaojibika

Huu hapa ni wa kuiga. Badilisha ya kwako.

"Habari za asubuhi, bwana shamba. Nyanya zangu ni za aina ya Tanya, robo ekari, zina wiki 6 tangu nizihamishe kutoka kitaluni, zimeanza maua. Tangu Jumamosi miche inasinyaa mchana, majani yakiwa bado kijani. Mwanzoni ilikuwa inainuka jioni, sasa haiinuki. Ilianza miche 3 kwenye tuta la karibu na mfereji, leo ni 11, yote kuelekea maji yanakotelemkia. Nimekata shina: ndani ni kahawia, na kwenye glasi limetoa nyuzi nyeupe. Mizizi haina vinundu. Msimu uliopita hapo palikuwa na viazi mviringo. Jumapili nilipiga dawa ya ukungu, picha ya pakiti nimeituma, kijiko kimoja kwa bomba la lita 16. Naomba kujua: nifunge mfereji huo? Na miche iliyopakana na iliyokufa niing'oe?"

Angalia mwisho wake. Hauishii kwenye "nifanyeje". Unaishia kwenye maamuzi mawili ambayo mkulima anatakiwa kuyafanya leo, na mtu anaweza kuyajibu kwa maneno manne akiwa njiani.

Viazi mviringo vya msimu uliopita vinaonekana kama habari ya pembeni. Ni nusu ya jibu.

Picha nazo ziwe tatu au nne, si kumi na tano za jani moja. Ya kwanza ionyeshe shamba kwa mbali, ili mpangilio wa wagonjwa na wazima uonekane. Ya pili mmea mzima kutoka udongoni hadi kileleni. Ya tatu jani kwa karibu, juu na chini, pakiwa na kalamu au sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Ya nne shina lililopasuliwa. Piga asubuhi kabla ya jua kali, maana mwanga wa saa saba huzifanya rangi zote zipauke na njano huonekana nyeupe.

Pakiti ikiwa mkononi

Tuseme jibu ni dawa kweli. Maswali hayajaisha, na la kwanza ni kipimo.

"Vifuniko viwili kwa bomba" si kipimo. Vifuniko vinatofautiana, na mabomba yapo ya lita 15, 16 na 20. Uliza: gramu ngapi au mililita ngapi kwa lita moja ya maji? Lebo ikisema gramu 50 kwa lita 20, hiyo ni gramu 2.5 kwa lita, na bomba la lita 16 linataka gramu 40. Mwenye bomba dogo akiweka zile 50 zote amezidisha kwa robo. Kwa dawa ya maji, nunua bomba la sindano la duka la dawa lisilo na sindano yake, uliweke na vifaa vya shambani, na lisirudi nyumbani kwa kazi nyingine yoyote.

Kisha uliza nirudie baada ya siku ngapi, na mara ngapi kabla ya kubadilisha kiambato. Uliza pia nisubiri siku ngapi kati ya kupiga na kuvuna. Nyanya huvunwa kila baada ya siku chache, kwa hiyo hili si swali la mwisho wa msimu. Dawa yenye siku 14 za kusubiri haifai shamba ambalo lori linakuja Alhamisi. Mwambie muuzaji siku ya mavuno kabla hajashusha chupa, ili achague kwa kuizingatia.

Na uliza kama imesajiliwa kwa ajili ya nyanya. Tanzania usajili wa viuatilifu uko chini ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, namba huandikwa kwenye lebo, na lebo hutaja zao. Chupa iliyofunguliwa ikagawanywa kwenye vichupa vya maji haina lebo, kwa hiyo haina jibu la swali lolote kati ya haya.

Jibu likiwa "sina uhakika"

Mtaalamu anayesema hivyo amekuheshimu. Muulize sampuli ipelekwe wapi. Tengeru wapo watafiti wa mazao ya bustani wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, Arusha wapo TPHPA, Morogoro wapo Chuo Kikuu cha Sokoine.

Sampuli nayo ni swali, na huharibika njiani. Ng'oa mmea mzima na mizizi yake, ulioanza kuumwa, na mwingine usioumwa kwa kulinganisha. Funga mizizi na udongo wake peke yake ili usichafue majani. Zungushia gazeti kavu. Usiloweshe, maana majani yaliyolowa huoza na kuotesha ukungu mwingine ambao haukuwepo shambani, na maabara itaukuta huo. Tuma Jumatatu au Jumanne, usitume Ijumaa mzigo ukalala mwisho wa wiki ndani ya basi au ofisini. Ndani weka karatasi yenye maneno yale yale ya ujumbe wa juu, yaliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino hutoka ukipata unyevu.

Ukishapewa ushauri na kuufuata, rudisha habari. Kwa magonjwa yasiyokimbia, acha mstari mmoja bila kupiga ili kuwe na cha kulinganisha, kwa sababu mvua ikikatika ugonjwa hupungua wenyewe na dawa ikapewa sifa isiyo yake. Kwa baka jani chelewa usifanye hivyo, mstari huo utaambukiza mingine. Siku ya saba tuma picha mbili, ya mstari uliopigwa na ya ule ulioachwa, zote za asubuhi, na uandike mvua ilinyesha siku zipi.